Jeni ya Pto kwenye nyanya: mwongozo kamili kwa mkulima na mwanafunzi wa Dodoma

Wakuu, kila msimu wa nyanya ukikaribia hapa Dodoma swali linalotembea kuanzia Hombolo mpaka Mtera ni lile lile, mbegu gani haipati madoa, na jibu la madukani nalo ni lile lile, chukua chotara hii haiugui. Hakuna nyanya isiyougua. Kuna nyanya yenye jeni fulani inayozuia ugonjwa fulani, tena wa aina fulani tu ya kimelea, na usipojua hiyo fulani ni ipi utatoa hela ya mbegu ya bei halafu madoa yatakuja vile vile na utaishia kumlaumu muuza duka. Kwahiyo hapa nachukua jeni moja tu, inaitwa Pto, ya kuzuia ugonjwa mmoja wa madoa ya bakteria, naifuata kuanzia doa lililoko kwenye tunda mpaka kwenye jeli ya maabara, ili mkulima ajue lini imfae na lini isimsaidie kitu, na mwanafunzi wa UDOM anayetafuta projekti ajue aanzie wapi.

Pto inafanyaje kazi

Usiruke hapa hata kama huna mpango wa kuingia maabara, maana maamuzi yote ya shambani yanatoka humu.

Pto iko kwenye kromosomu ya 5 ya nyanya. Inatoa maelekezo ya kutengeneza protini moja fupi, asidi amino 321 tu, ya jamii ya kinasi. Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, ile betri ya seli, na kuibandika kwenye protini, na hiyo fosfeti ikishabandikwa ndo inawasha au kuzima kazi ya hiyo protini. Pto yenyewe inabandika kwenye asidi amino mbili, serini na threonini. Haikutoka kwenye nyanya tunazokula, ilitoka kwa nyanya pori ya Peru na Ekwado, Solanum pimpinellifolium, yenye vitunda vidogo sana, ikaingizwa kwa kuchavusha tu kizazi baada ya kizazi. Sio GMO, yaani sio jeni iliyopachikwa maabara, na hili nalisema wazi kwa sababu nimeshasikia watu wakiikataa mbegu nzuri kwa hofu hiyo.

Mwaka 1993 Gregory Martin, Steven Tanksley na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani waliipata Pto kwa kufuata ramani ya kromosomu, wakaonyesha kwamba ni kinasi, ikawa moja ya jeni za kwanza kabisa za kinga ya mimea kufahamika ni kitu gani hasa. Miaka miwili baadaye, 1995, ikaja jeni ya kinga ya mpunga, Xa21, nayo ina kinasi ndani yake, na ile ilitoka kwa mpunga pori wa Mali. Yaani kinasi sio habari ya nyanya peke yake.

Sasa adui. Ni bakteria anayeitwa Pseudomonas syringae pv. tomato. Anaingia kupitia vitundu ambavyo jani linapumulia au kwenye majeraha, anakaa katikati ya seli, halafu anatengeneza kitu mithili ya sindano na kudunga protini zake ndani ya seli. Mbili kati ya hizo ni AvrPto na AvrPtoB. Zikiingia zinaenda kuzima kinasi za ulinzi zilizoko kwenye utando wa seli, zile ambazo kazi yake ni kugundua kwamba kuna bakteria nje. Hapo ndo Pto inapokuja. Pto inafanana na kinasi zinazotafutwa, kwahiyo ni chambo: AvrPto au AvrPtoB ikiing'ang'ania, protini nyingine iliyoshikamana na Pto, inaitwa Prf, inashtuka na kutoa amri seli ijiue. Seli chache zinakufa ndani ya siku moja hivi, bakteria anakwama humo humo, na wewe kwa macho huoni kitu.

Shika mambo mawili. La kwanza, Pto bila Prf ni bure, na kuna nyanya za utafiti zilizoharibiwa Prf makusudi, Pto wanayo na bado wanaugua. Bahati nzuri jeni hizi mbili ni majirani kabisa kwenye kromosomu, zinarithishwa pamoja. La pili na kubwa zaidi, Pto haimtambui bakteria mwenyewe, inatambua zile protini mbili. Bakteria akija bila protini zinazotambulika anapita kama hakuna ulinzi. Wenye protini hizo wanaitwa resi 0, wanaopita wanaitwa resi 1.

Hatua ya 1: hakikisha ugonjwa wenyewe kabla hujafikiria mbegu

Hapa ndo wengi wanapoteza hela, kwahiyo nitakaa kidogo.

Kuna magonjwa mawili ya bakteria yanayochanganywa kila siku. Moja ni la Pseudomonas, ambalo Pto inalihusu. La pili ni la Xanthomonas, na kwa hilo Pto haifanyi chochote. Kwenye majani yanafanana mno, madoa madogo ya kahawia kuelekea nyeusi, mara nyingi na mzingo wa njano, na mtu akikwambia ametofautisha kwa kuangalia jani tu usimwamini moja kwa moja hata kama ana cheti. Nenda kwenye tunda.

Chuma tunda bichi lenye madoa, simama kwenye mwanga wa asubuhi, chukua lenzi ya mkono au kamera ya simu ukiikuza. Doa la Pseudomonas kwenye tunda ni tone dogo jeusi, milimita moja hivi, limeinuka kidogo, na kwenye tunda bichi mara nyingi utaona kijani kinacholizunguka kimekolea kuliko sehemu nyingine. Likwangue kwa ukucha. Linabanduka, maana liko juu juu kwenye ganda. Doa la Xanthomonas ni kubwa zaidi, linafika milimita kadhaa, lina gamba la kahawia linalokwaruza kidole, katikati limebonyea, na ukilikwangua halitoki kirahisi kwa sababu limeingia ndani. Fanya hivyo kwenye matunda mengi ya mistari tofauti, usiamue kwa tunda moja.

Bakajani tangulia yenyewe ni rahisi, doa kubwa lenye miduara ndani ya miduara, linaanza majani ya chini yaliyozeeka. Rasta ni virusi, jani linajikunja juu na mmea unadumaa. Kanitangaze ni mdudu, anachimba njia ndani ya jani. Hayo yote Pto haiyajui.

Halafu tumia hali ya hewa. Pseudomonas anapenda baridi na unyevu, nyuzi 18 mpaka 24 hivi za Selsiasi, Xanthomonas anapenda joto, 24 mpaka 30. Kwa Dodoma maana yake nini? Mvua zetu za Desemba mpaka Machi zinakuja na joto, kwahiyo madoa ya kipindi hicho mshuku Xanthomonas kwanza. Pseudomonas mshuku zaidi Mei mpaka Agosti, zile wiki ambazo usiku baridi inauma na upepo hautulii, hasa kama unamwagilia kwa kurusha maji juu ya majani jioni mmea ukalala umelowa. Na umshuku pia kama umeleta miche kutoka sehemu za baridi. Kuna utafiti uliochapishwa 2008 ambao ulikusanya bakteria hawa kutoka maeneo ya nyanya hapa Tanzania, kwahiyo nchini wapo, na miche inayopanda gari Ilula kule Iringa asubuhi inashuka Dodoma siku hiyo hiyo pamoja na chochote kilichoko kwenye majani yake.

Ukiona ni Xanthomonas, acha habari za Pto, ruka mpaka Hatua ya 3 na ya 6, usafi wa mbegu na shamba unamhusu yeye pia.

Hatua ya 2: soma pakiti

Geuza pakiti ya mbegu upande wa nyuma. Zile herufi ndogo ambazo kila mtu anaziruka ndo taarifa unayoilipia. Unatafuta Pst, wakati mwingine imeandikwa Pst:0. Hiyo ndo kinga ya Pseudomonas wa resi 0, yaani kazi ya Pto. Mbele yake utakuta HR, kinga ya juu, au IR, kinga ya kati. Fol ni mnyauko fusari, Va na Vd ni mnyauko vetisili, ToMV na TYLCV ni virusi, Ma, Mi na Mj ni minyoo fundo. Kama Pst haipo kwenye orodha, chukulia kwamba hakuna Pto, hata kama picha ya mbele ina nyanya inayong'aa na muuzaji anaapa.

Kuhusu aina zetu. Tanya, ambayo Dodoma inalimwa sana kwa sababu ganda lake gumu linavumilia tenga na barabara, ndo ile ile iliyotumika kwenye huo utafiti wa 2008 kama nyanya inayougua, bakteria wote waliojaribiwa waliitia madoa. Naipenda Tanya na nitaendelea kuisifia kwa usafiri, ila kwa ugonjwa huu haina kinga.

Rio Grande inahitaji maelezo yake. Ukisoma makala za kisayansi za Pto utaikuta Rio Grande kila mahali, na kuna vijana wameshaanza kusema Rio Grande ina Pto. Sio hivyo. Watafiti waliingiza Pto ndani ya Rio Grande wakapata mstari wa maabara, yaani ukoo wa mbegu za utafiti, unaoitwa Rio Grande-PtoR, na wakabaki na mwenzake usio na kinga, Rio Grande-PtoS, ili walinganishe mimea inayofanana kila kitu kasoro jeni hiyo. Kopo la Rio Grande la dukani sio PtoR. Kama halina Pst kwenye maandishi, halina.

Nunua kwenye duka la pembejeo linalotoa risiti, angalia lebo ya TOSCI, wale wanaothibitisha ubora wa mbegu, tarehe ya kufungashwa na namba ya loti, piga picha pakiti kabla hujaifungua. Hiyo picha utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 3: safisha mbegu kwa maji ya moto

Bakteria huyu anasafiri ndani na juu ya mbegu, na kwenye mbegu kavu anaweza kuishi miaka. Kama mbegu umeikamua mwenyewe au umepewa na jirani, usipande bila hatua hii. Mbegu za kampuni zilizopakwa rangi ya dawa usizitie kwenye maji ya moto, utaziharibu.

Unahitaji kipimajoto, sio kidole. Weka mbegu kwenye kitambaa chepesi, funga kwa kulegeza ili maji yapite, tumbukiza kijiwe ndani kitambaa kizame. Anza na maji ya nyuzi 37 au 38 kwa dakika 10 ili mbegu ipate moto taratibu. Hamishia kwenye maji ya nyuzi 50 na ukae nayo dakika 25, unakoroga muda wote, na una birika la maji ya moto pembeni la kuongezea kidogo kidogo joto likishuka. Tumia sufuria kubwa, maji mengi hayapoi haraka. Likipanda juu ya hapo mbegu zinaanza kufa, likishuka bakteria anabaki, kwahiyo hizo dakika 25 usipokee simu. Zikiisha tumbukiza kwenye maji ya baridi dakika 5, anika kivulini kwenye karatasi, zikikauka dondoshea mbegu chache kwenye karatasi yenye unyevu uone zinaotaje kabla hujamwaga zote kitaluni. Mbegu za zamani zilizochoka hazivumilii hili vizuri.

Hatua ya 4: kitalu

Hapa nitapita haraka. Trei safi, udongo uliochemshwa au uliokaushwa vizuri juani, nafasi ya upepo kupita, maji asubuhi tena kwenye udongo sio juu ya majani. Mche wenye doa ng'oa na majirani zake. Usishike miche ikiwa imelowa, mikono inahamisha bakteria kuliko unavyodhani. Kama unapanda aina yenye Pst na nyingine isiyonayo, andika trei kwa kalamu isiyofutika, zikichanganyika hakuna jicho la mtu litakalozitenganisha, maana mmea wenye Pto na usionayo vinafanana jani kwa jani.

Hatua ya 5: kuipima jeni yenyewe

Hii ni ya wanafunzi, maafisa ugani wenye marafiki maabara, na yeyote anayetaka kuzalisha mbegu yake.

Kwanza niseme jambo moja la hatari. Jirani ya Pto kuna kinasi nyingine inaitwa Fen. Mmea wenye Fen ukipuliziwa kiuatilifu cha fenthioni unatoa vidoa vya seli zilizokufa ndani ya siku chache, na kwa kuwa Fen na Pto zinarithishwa pamoja, wazalishaji mbegu wa zamani walitumia fenthioni kujua mche upi una Pto. Na fenthioni hapa Dodoma sio kitu kigeni, ndo dawa inayomwagwa kutoka kwenye eropleni kuua kwelea kwelea wakivamia mtama na uwele. Sasa nakuomba kabisa, usije ukatafuta masalia ya hiyo dawa ukajaribu kwenye miche. Ni sumu ya mishipa ya fahamu kwa binadamu na inaua ndege wowote, na kipimo cha DNA kinakupa jibu bora bila kumhatarisha mtu.

Kuchukua sampuli: jani changa kabisa la juu, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, moja kwa kila mche. Liweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi, bahasha ziingie kwenye chombo chenye silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Jani likikauka ndani ya siku moja DNA inabaki nzuri, likioza kwenye mfuko wa plastiki umepoteza sampuli. Namba ya bahasha iwe ile ile ya kwenye mche.

Kutoa DNA: njia ya CTAB, kemikali kama sabuni inayofungua seli, inatosha na ni rahisi kwa maabara ya chuo. Saga jani, ongeza CTAB, nyuzi 65 kwa nusu saa, ongeza klorofomu, zungusha kwenye sentrifuji, chukua tabaka la juu, shusha DNA kwa isopropanoli, osha na ethanoli ya asilimia 70, yeyusha kwenye bafa ya TE, kimiminika cha kuhifadhia DNA. Klorofomu fanyia kwenye kabati la kuvuta hewa, na glavu.

PCR sasa, yaani kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi mpaka kionekane. Kosa linalojirudia ni mtu kuona bendi, ule mstari wa DNA kwenye jeli, akashangilia. Nyanya isiyo na kinga nayo ina toleo lake la pto linalofanana sana, kwahiyo praima nyingi, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, zitakupa bendi kwa mimea yote miwili. Tofauti ni herufi chache za DNA, na ndo maana alama inayotumika sana inahitaji hatua ya ziada, baada ya PCR unakata zao lake kwa kimeng'enya cha RsaI, nyuzi 37 kwa saa mbili tatu, halafu ndo unapitisha kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 2. Mwenye kinga na asiye na kinga wanakatwa vipande vya ukubwa tofauti, na mwenye kopi moja ya kila upande anaonyesha vipande vyote. Mfuatano wa praima chukua kwenye makala iliyochapishwa, usinakili kutoka kwa mtu aliyenakili. PCR yenyewe ni ya kawaida, nyuzi 95 kufungua, kama 55 kushikisha ambayo utarekebisha kulingana na praima, 72 kurefusha, mizunguko 35.

Kila mara weka sampuli tatu za kulinganishia: mmea unaojua una Pto, mmea unaojua hauna, na maji matupu. Maji yakitoa bendi, tupa kila kitu uanze upya. Mimea ya kulinganishia, ile mistari ya Rio Grande, unaweza kuiomba kutoka hazina ya mbegu za nyanya ya Chuo Kikuu cha California, Davis, na World Vegetable Center wana kituo Arusha ambako kuna watu wa kuwauliza kuhusu nyanya. Mbegu kutoka nje inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, nenda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla hujaagiza na sio baada ya kifurushi kukwama.

Kuna wanaotaka kupima kwa kumwagia mche bakteria hai. Hilo lifanyike ndani ya maabara au nyumba kitalu iliyofungwa, chini ya mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Chuo cha Sokoine pale Morogoro wapo. Usilifanye uani. Utaacha ugonjwa mtaani kwako.

Na kama unazalisha mbegu

Mbegu ukikamua kutoka nyanya ya F1, yaani chotara ya kizazi cha kwanza, yenye kopi moja ya Pto na kuipanda, katika miche 100 tegemea kama 25 yenye kopi mbili, 50 yenye kopi moja, na 25 isiyo na kitu. Hiyo robo ndo itakayougua katikati ya shamba lako na kumlisha bakteria anayetafuta njia ya kuwapita wenzao. Ndo sababu ya kutokamua mbegu ya chotara bila kupima.

Ukitaka Tanya yenye Pto inawezekana, na natamani sana mtu wa hapa Dodoma aifanye. Chavusha Tanya na mzazi mwenye Pto, watoto wachavushe tena na Tanya, chagua kwa DNA wenye jeni, rudia. Kila ukirudi kwa Tanya ule uTanya unaongezeka kwa wastani, asilimia 75, kisha 87.5, kisha 93.75. Kwenye kila kizazi cha kurudi nusu ya miche ina jeni, kwahiyo ukipima miche 8 uwezekano wa kukosa kabisa ni 1 kati ya 256, huna haja ya kupima mamia. Mwishoni acha mmea ujichavushe wenyewe, pima miche isiyopungua 11, una nafasi ya zaidi ya asilimia 95 ya kupata angalau mmoja wenye kopi mbili, huo ukijizalisha hautoi tena watoto wasio na kinga. Ni kazi ya misimu kadhaa lakini haihitaji mashine za ajabu, inahitaji mtu anayeandika namba za miche bila kuchoka.

Hatua ya 6: ilinde jeni ikiwa shambani

Pto ni kufuli moja, na bakteria wakiwa wengi sana shambani nafasi ya kutokea mmoja wa kulipita inaongezeka. Kwahiyo kuwa na Pst kwenye pakiti sio ruhusa ya kulala.

Maji yapite chini. Dripu kama uwezo upo, na kwa shida ya maji ya Dodoma unaokoa mara mbili, maji na majani. Kama ni mifereji sawa, ila achana na kurusha maji juu, na kama huna njia nyingine basi mwagilia asubuhi mapema jua likaushe jani. Funga mimea kwenye miti isilale chini. Usipalilie wala kuchuma kukiwa na umande.

Baada ya mavuno ng'oa na fukia au choma mabaki, ondoa nyanya za maotea na wenzake mnavu, na eneo hilo usilirudishie nyanya wala pilipili hoho kwa misimu, weka mtama, mahindi, kunde au alizeti.

Dawa za kopa, yaani shaba, zinakinga, haziponyi. Zinapigwa kabla madoa hayajasambaa, kabla ya kipindi cha unyevu, na kuchanganya kopa na mankozebu kunasaidia zaidi kuliko kopa peke yake. Kipimo fuata lebo, usiongeze vifuniko kwa sababu jirani anaongeza, kwa maana bakteria wanaizoea kopa na hapo utakuwa umeharibu dawa ya eneo zima. Osha bomba ukimaliza. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zipo kwenye lebo, ziheshimu, watu wa masoko ya Majengo na Sabasaba wanaonunua hiyo nyanya wanaila kachumbari.

Hatua ya 7: madoa yakitokea kwenye aina yenye Pst

Usikimbilie kusema mbegu feki. Rudi Hatua ya 1, kwangua tunda, kwa Dodoma inawezekana kabisa ni Xanthomonas. Kama dalili zote ni za Pseudomonas, angalia madoa yamekaaje. Yakiwa kwenye mimea michache iliyotawanyika na mingine pembeni yake ni safi kabisa, mbegu yako inaweza kuwa mchanganyiko, kama robo ile niliyoisema. Yakiwa kila mmea, sawasawa, huenda ni resi 1 na hiyo ni taarifa ambayo wilaya nzima inaihitaji.

Chukua majani yenye madoa mapya, sio yaliyokauka, na matunda machache. Vifungie kwenye gazeti kavu kisha bahasha ya karatasi, usilowanishe, usiweke kwenye jua la dashibodi. Chukua pia majani ya mmea usio na madoa wa aina ile ile, bahasha tofauti, hayo ni ya kupima kama Pto kweli imo. Andika kijiji, tarehe ya kupanda, tarehe ya kuona madoa, unamwagiliaje, umepiga dawa gani, jina la mbegu na namba ya loti kutoka kwenye ile picha. Mpe afisa ugani wa kata au peleka mwenyewe ofisi ya TPHPA, ndani ya siku mbili, na uombe wapime vitu viwili kwa pamoja, bakteria ni nani na mmea una jeni gani, kwa sababu jibu la kimoja bila kingine halitakuambia msimu ujao ubadilishe mbegu au ubadilishe namna unavyomwagilia.